Mama Ploti na Mtu Wangu

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Nasema hivyo nikijua ninachosema. Niliingia Machakos na suruali moja na elimu ya darasa la sita, nikasukuma mkokoteni wa simiti mpaka mabega yakaota sugu, na leo ukikutana na lori mbili nyekundu kwenye barabara ya Kangundo, zimebeba mchanga na mabati, jua ni zangu. Sikurithi hata ekseli. Nimeona tajiri akilia kwa sababu ya kuku. Nimeona askari akifungwa pingu na askari mwenzake. Nimeona mhubiri akitoka mkutanoni kupitia dirishani. Watu wananiuliza, wewe hushtuki? Nawaambia kushtuka ni kazi ya watu wenye nafasi. Ni mwanamke mmoja tu aliyewahi kunishangaza, na hakuinua hata sauti.

Jina lake silitaji, na langu hutalipata hapa. Serikali iko na sheria yake na mimi niko na duka. Sisi wapangaji tulimwita Mama Ploti, kwa sababu ploti ilikuwa yake: safu mbili za vyumba vya mabati zikitazamana, choo upande wa mwisho, bomba moja katikati. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sikuuliza. Ukimwuliza umri ilitegemea wewe ni nani. Wanasiasa wakija kugawa blanketi za wazee, alikuwa na miaka themanini na mgongo unauma. Nesi wa zahanati akiuliza, alikuwa sitini na hana ugonjwa wowote.

Bomba lilikuwa na kufuli, na funguo aliivaa shingoni kwa uzi mmoja na rozari. Yeye mwenyewe alitusimulia jinsi siku moja kanisani alivyoshika funguo akidhani ni msalaba, akasali nayo mpaka katikati ya rozari ndipo akagundua. Mpangaji mmoja akamwuliza kama alirudia kutoka mwanzo. "Nirudie ya nini?" akasema. "Mungu anajua maji ni ghali."

Alikuwa bahili kupita kiasi, na usinielewe vibaya, mimi mwenyewe si mtu wa kutupa pesa. Mshonaji wa chumba cha pembeni alipougua, Mama Ploti alimpikia uji kila asubuhi mpaka akasimama. Kisha mwisho wa mwezi akamdai unga. Kazi ya kupika haikuwa na bei, alisema, lakini unga ulinunuliwa. Alichukia kelele. Ukicheka sana anagonga ukuta. Lakini Jumapili baada ya misa alifungua redio yake ya nyimbo za Kikamba mpaka mabati yakatetemeka, na ole wako umwambie kitu. Alinusa ugoro huku akituonya tusivute sigara. Matusi yake yalikuwa ya kuundwa upya kila siku. Mimi aliniambia niko na kichwa kama debe la kupimia mahindi: kikubwa, na ndani hewa. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba siku moja nitanunua ploti yake.

Alikuwa na neno moja alilolirudia: "Mimi nakodisha chumba, sikodishi mtu." Alilitumia kwa mambo mawili. La kwanza, ukilia shida hakusikii, kodi ni kodi. La pili, ukishafunga mlango wako hakuna atakayekuuliza unafanya nini ndani. Wakati ule nilisikia lile la kwanza tu.

Mama Ploti alikuwa na mke. Wasomaji wa Ukambani hawatashtuka, lakini kwa wengine nieleze. Kwetu mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kupeleka mbuzi kwa watu, akaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake, na watoto wa huyo msichana wanakuwa wa nyumba hiyo. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Wazee walikula mbuzi za Mama Ploti wakabariki. Kanisa halikubariki. Lilimnyima sakramenti, naye akaendelea kuja kila Jumapili na kukaa benchi ya mbele, mahali padri hawezi kuangalia bila kumwona.

Mke wake alikuwa mwanamke mpole, mwembamba, macho hafifu, mama wa wasichana wawili ambao siku hizi wako na nyumba zao. Kila mtu wa ploti alifokewa na Mama Ploti isipokuwa huyo. Alipika chakula cha chumvi mpaka ulimi ukakunjamana. Mara moja nilionjeshwa githeri yake, mahindi na maharagwe, nikatoka nje kutafuta maji. Mama Ploti alimaliza sahani, akasema, "Leo umeweza." Kwa sababu ya yale macho, kuchambua maharagwe ilikuwa kazi ya Mama Ploti. Wakitembea juani kwenda sokoni, Mama Ploti alishika mwavuli, lakini kivuli chote kilikuwa upande wa mke, yeye mwenyewe jua linamchoma bega. Mimi, na akili yangu ya biashara, nilijiambia: huyu mama anatunza mali aliyoilipia mbuzi.

Sasa nije kwa Musyoka. Alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu. Alikuja mjini kutafuta wanunuzi wa twiga na bakuli zake, tukajuana nikimbebea gunia kwa mkokoteni. Alinidai nimchekeshe njia nzima kwa sababu, alisema, bei niliyomtoza ilikuwa ya gari la abiria. Baada ya hapo kila Ijumaa alifika kwangu, nywele zimejaa vumbi la mbao. Sitaandika mengi. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na maneno mengi, na huyu mtu alipokuwa chumbani mwangu nilinyamaza nikapumzika.

Sheria ya ploti ilisema mgeni akilala zaidi ya siku tatu analipia maji bei ya mgeni, ambayo ilikuwa ya wizi. Musyoka alipoanza kubaki wiki nzima, Mama Ploti akasimama mlangoni kwangu.

"Mwanake," akaniita, yaani kijana, "huyu ni nani?"

"Binamu yangu, Mama."

"Wa upande gani?"

"Wa mama."

"Juzi ulisema wa baba."

"Ni pande zote mbili," nikasema. Musyoka alikuwa nyuma ya pazia akijiziba mdomo asicheke.

Akanusa ugoro, akaenda zake. Nililipa bei ya mgeni miezi mingi. Halafu asubuhi moja tuko foleni bombani, ndoo zimepangwa, wapangaji wote wako hapo, akanipigia kelele: "Mwanake! Mwambie mtu wako akimaliza kuoga afunge maji!"

Mtu wako. Nikaangalia wengine. Hakuna aliyeinua kichwa, maana hilo ni neno la kawaida: mtu wako anaweza kuwa mgeni wako, mfanyakazi wako, bibi yako. Lakini mwisho wa mwezi Mama Ploti hakunitoza bei ya mgeni. Alinitoza bei ya nyumba, ile ya watu waliooana. Nikamwambia, kwa ujinga wangu, "Mama, umekosea hesabu."

"Mimi?" akasema. "Nyumba ni nyumba. Lipa, uende."

Kulikuwa na kinyozi, mpangaji wa muda mrefu, alianza kusema maneno. Akaenda kwa Mama Ploti, akasema yeye hawezi kutumia bafu moja na watu wa aina hiyo. Nilikuwa ndani, nikasikia yote kupitia mabati.

"Sawa," Mama Ploti akamwambia. "Unahama Jumamosi ama Jumapili?"

"Mimi? Mbona mimi ndiye nahama?"

"Si ni wewe hutaki bafu? Wao wanalitaka."

Kinyozi hakuhama. Alianza tu kuoga mapema sana, na miaka ilivyopita akawa anamnyoa Musyoka bila kusema chochote. Nami sikumshukuru Mama Ploti. Nilifikiri ukimshukuru mtu kwa kitu kama hicho utakuwa umekiri. Nilinunua sukari nusu kilo nikaacha mlangoni kwake kama mwizi aliyekosea njia.

Biashara ilinikubali. Sitajisifu sana hapa, ingawa ningeweza. Niliuza mkokoteni nikanunua pickup mbovu, nikauza pickup nikafungua duka la vifaa vya ujenzi, nikajenga nyumba ya ghorofa yenye geti la chuma. Sherehe ya kuhamia ilikuwa kubwa, ng'ombe mzima. Wakubwa walikuja, ndugu zangu walishuka kutoka Kangundo na suti. Musyoka nilimwomba asaidie kule nyuma na wapishi. Wageni wakiuliza, nilisema ni binamu.

Ndugu yangu mkubwa aliinuka siku hiyo akasema nyumba bila mke ni stoo. Watu walipiga makofi. Haikupita muda akanitafutia msichana, mwalimu, mtu mzuri kabisa, na akapanga siku ya ntheo. Ntheo ni zile mbuzi tatu za kwanza. Kwetu ukishazipeleka, hata kama hamjalala nyumba moja, huyo ni mke wako. Mbuzi zilinunuliwa, zikafungwa nyuma ya duka, zikawa zinatafuna mifuko ya simiti.

Nikaenda kwa Mama Ploti. Alikuwa ameketi kwa kibao anachambua maharagwe.

"Mama, mimi siwezi kuoa."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Uko na deni?"

"Mimi? Deni?" Nilikasirika kweli.

"Basi sema."

Nilitafuta maneno. Mtu ambaye nimebishana na madalali wa soko la Gikomba nikawashinda, nilitafuta maneno nikakosa. Nikasema tu, "Musyoka."

"Musyoka ni nani?"

"Mama, si unamjua!"

"Namjua. Nataka wewe uniambie."

Nikasema, "Ni mtu wangu."

Hakuacha kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa kando. "Haya," akasema. "Nilidhani umekuja kuniambia lori limeanguka. Sasa hizo mbuzi utafanyia nini? Niuzie moja, lakini usiniletee bei ya dukani kwako."

Nililia hapo. Ndiyo, mimi. Aliniacha nilie, kisha akanisukumia ungo. "Chambua huku ukilia, usinipotezee saa." Na tulipomaliza akasema hivi: "Kesho twende wote kwa ndugu zako. Wewe utasema, mimi nitakaa. Mama mzee akiwa ameketi hapo, hakuna mtu atakurushia kiti."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Mama."

Hilo "ngoja kidogo" ndilo nataka msomaji alione. Kulikuwa na zabuni ya paa la shule, sikutaka maneno mjini. Nikawaambia ndugu zangu ninaumwa vidonda vya tumbo, ntheo ikafa polepole, mbuzi zikauzwa. Zabuni ikaja. Nikasema ngoja ninunue lori ya kwanza. Nikanunua. Ngoja ya pili. Kila nikipita kumsalimia, Mama Ploti aliniuliza, "Twende?" nami nasema, "Bado kidogo." Baadaye akaacha kuuliza.

Musyoka naye aliacha kungoja. Alikusanya patasi zake, akazifunga kwa kitambaa kama anavyofunga mtu mwenye safari ndefu. Nikamwambia asubiri, mambo yako karibu kuwa sawa. Akaniambia, bila hasira, "Kwa ploti nilikuwa mtu wako. Hapa kwa ghorofa mimi ni binamu." Akaenda Mombasa, kuna wachongaji wengi wa kwetu kule. Nasikia amekaa na mtu, wanaheshimiana. Mara moja nilimpigia simu. Akaniuliza habari ya biashara, akanitakia siku njema. Alikuwa na adabu kabisa. Ningependelea angenitukana.

Mke wa Mama Ploti alikufa mwaka jana kwenye msimu wa baridi. Nilitoa lori la kubeba viti na mahema, na nililipa jeneza, na nilihakikisha watu wanajua nani amelipa, ndivyo nilivyo. Kaburini mzee mmoja alisoma maisha ya marehemu. Akasema alikuwa mkaza mwana wa Mama Ploti, maana mila inasema iweto huolewa kwa ajili ya mwana, hata kama huyo mwana hayuko. Mama Ploti alisimama wima, mwavuli mkononi, haukufunguliwa.

Baada ya wiki nilienda kumwona. Ungo ulikuwa magotini, maharagwe yamejaa, hakuna anayepikiwa. Wasichana walikuwa wamerudi kwao.

"Ulisikia walivyosoma?" akaniuliza. "Mkaza mwana. Mwana gani? Mimi sikuwa na mwana."

"Ni mila, Mama."

"Mila naijua. Niliitafuta mimi mwenyewe." Akatoa jiwe moja. "Alikuwa anauza vitunguu Kithimani. Nikanunua. Nikarudi nikanunua tena. Kwangu vitunguu vilikuwa vinaoza nyuma ya mlango, na bado kila siku ya soko nilikuwa barabarani. Nikajiuliza, nitafanyaje na huyu mtu? Ndipo nikakumbuka kumbe nafasi iko. Wazee wakafurahi, nyumba yangu itapata watoto. Na nikapata watoto, nawapenda. Lakini watoto walikuja nyuma, mwanake. Kwanza alikuwa ni yeye."

Nilikaa pale kama debe tupu. Mimi niliyesema hakuna kitu kinanishangaza. Nisieleweke vibaya: sisemi maweto wote wa Ukambani ni hivyo. Mila ni ya watoto na shamba, na wengi wao ni hivyo tu, mama na mke wa nyumba. Nasema huyu mmoja. Miaka yote nililipa kodi, nikala matusi, nikaona mwavuli, nikadhani naona mali inatunzwa.

"Nani anajua?"

"Yeye alijua. Sasa wewe."

"Mbona hukuniambia siku ile nimekuja na habari yangu?"

"Ulikuja na yako, ukaondoka na yako," akasema. "Hukuuliza."

Ni kweli. Alikuwa amenishika mkono miaka yote, na mimi sikuwahi hata kufikiri kwamba na yeye pengine anahitaji mtu wa kumshika. Ndipo akaniambia:

"Mimi nilikuwa na mila ya kujifunika, lakini sikuwa na mtu wa kukaa nami nikisema. Wewe ulikuwa na mimi. Ukaniambia ningoje." Akaweka ungo chini. "Leta gari. Sasa hivi, kabla sijabadilisha viatu."

Tulienda Kangundo. Alikaa mbele kwenye pickup, akilalamika juu ya kona na bei ya mafuta. Kwa ndugu yangu mkubwa tulipewa chai. Ndugu yangu mdogo alikuwepo pia, na mke wa mkubwa akipita na chupa ya chai. Mama Ploti akasema, "Mimi nimekuja kukaa tu. Huyu ndiye ako na neno." Nikalisema. Sikulipamba. Nilisema kwa nini sikuoa, na kwamba yule mchongaji hakuwa binamu.

Ndugu yangu mkubwa aliinuka, akaenda kwa zizi la ng'ombe, hakurudi mpaka tukaondoka. Shemeji yangu alisimama na chupa mkononi, kisha akauliza, "Sukari inatosha, shemeji?" na akaniongeza bila kungoja jibu. Mdogo wangu alikuna kichwa.

"Na mwenyewe yuko wapi?" akauliza. "Mbona hukuja naye?"

"Yuko Mombasa. Alichoka kungoja."

"Kungoja nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa viti kurushwa, sikujiandaa kwa swali hilo.

Najua mimi niko na lori. Kijana asiye na kitu akisema maneno haya kijijini anaweza kupigwa afe, na sitamdanganya mtu kwamba ni rahisi. Kwa hiyo simwambii mtu aseme. Namwambia yule aliye karibu naye: nenda ukakae. Usihubiri. Kaa tu kwa kiti, unywe chai, waone uko hapo.

Miezi michache baadaye nilipita kwa Mama Ploti. Alikuwa amelala kitandani, amepungua, lakini funguo na rozari bado viko shingoni. Akataka ripoti, kama watu wa biashara. Nikampa. Mkubwa wangu hanipigii simu, lakini msimu wa kupanda alituma mtu kuchukua mbegu dukani kwangu. Wateja ni walewale. Wanaonong'ona wanalipa. Kuna kikundi kimoja cha kanisa kilikuwa kimeagiza simiti na mabati ya ukumbi, wakasikia, wakahamishia oda yao kwa jirani.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu mpaka sasa."

"Ulikuwa unaogopa hiyo, miaka yote hiyo, mpaka mtu wako akaenda?"

Nikamvutia blanketi.

"Oda ilikuwa ya pesa ngapi? Ngoja, usiniambie bei, wewe unapenda kujisifu. Niambie faida. Ungebaki na nini mfukoni?"

Hesabu sijawahi kusahau. Nikamwambia: shilingi elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.